Ukipata Wasaa, Mama

4 Novemba

Mkwe wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini hujambo huko porini, daraja linapanda na jenereta zako zinakutii. Sisi huku hatujambo, tatizo letu ni mvua tu. Mwanangu anaendelea vizuri, mshono wa upasuaji umefunga, anakula, na anacheka ingawa nimemkataza kucheka sana mpaka apone kabisa. Wajukuu zangu wametimiza wiki tatu jana. Majina yao ya kwenye cheti wanayo, lakini hakuna anayeyatumia. Aliyetangulia analia kuanzia asubuhi, kwa hiyo tunamwita Kelele. Mwenzake anatuangalia tu kama mkaguzi wa shule, huyo ni Kimya.

Nisikufiche, siandiki kwa sababu nimekukumbuka. Naandika kwa sababu ya mashine yako ya kukaushia nguo. Nilimwambia mwanangu akuandikie yeye, akanijibu hivi: "Mama, nimechoka kuwa posta kati yenu. Mashine ni yake, unayefua ni wewe. Andikianeni." Ndiyo maana unaona mwandiko wangu.

Mashine imegoma tangu juzi. Ilikuwa inanguruma vizuri, mara ikanyamaza katikati ya kazi na taa nyekundu ikawaka. Nimebonyeza kila kinachobonyezeka. Nimeisema kwa upole, nimeisema kwa ukali. Pipa halizunguki, na nguo zilizokuwa ndani nimezitoa zina joto upande mmoja na maji upande wa pili. Sitaki kusema nilisema, lakini nilisema. Mtu hachukui mashine iliyotupwa na nyumba ya wageni akaifungua mezani pa kulia chakula, akaifunga tena, skrubu mbili zikabaki, halafu akaniambia imepona.

Sasa sikiliza. Watoto hawa wawili wanamaliza nepi thelathini kwa siku. Nimefunga kamba sebuleni, kwenye korido na jikoni. Ukitaka kuvuka kwenda chooni unainama kama mwizi. Nyumba nzima inanuka unyevu. Nazipiga pasi nepi moja moja mpaka mkono unakufa ganzi, na bado hazikauki sawasawa. Daktari alituambia sote, na wewe ungekuwepo ungesikia, kwamba waliozaliwa kabla ya wakati wasilazwe kwenye ubichi hata kidogo.

Kwa hiyo nakupa taarifa, wala siyo ombi. Mashine isipopona nawachukua wote watatu, nakwenda nao kwangu kwenye jua. Najua likizo yako ni siku sita, kuanzia tarehe 26. Najua pia kutoka huko kambini mpaka kwangu ni safari ya siku tatu. Siku tatu za kuja na tatu za kurudi, utafika kizingitini ugeuke. Sifurahii, lakini mapafu ya watoto hayangoji likizo.

Jibu upesi.

Mama mkwe wako


7 Novemba

Kwako Mama mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo Mama. Naomba radhi kwa alama hii ya grisi kwenye karatasi, nimeosha mikono mara mbili lakini grisi ya huku ina roho ngumu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kwa heshima. Mimi ni mzima, isipokuwa mbu. Nashukuru sana kwa habari za mama watoto na za mshono. Nilipofika kwenye Kelele na Kimya nilicheka peke yangu kando ya jenereta, mpaka mpishi wa kambi akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme. Mama, sijawaona hata kucha zao. Walizaliwa siku nne baada ya lori kunichukua, na huku hakuna mtandao hata wa kupokea picha. Nahesabu siku kuelekea tarehe 26 kama mfungwa.

Sasa kuhusu ile mashine. Mimi ni nani hata nikuelekeze kazi, Mama? Lakini kama ingetokea, kwa bahati tu, ukawa unapita karibu na ukuta, na mkono wako ukawa hauna shughuli nyingine, huenda plagi ingeweza kuchomolewa, mashine ikapumzika kama dakika kumi, halafu plagi ikarudi mahali pake. Mashine za aina hii zikipata joto kupita kiasi zinajizima zenyewe zisije zikaungua, na zinahitaji mtu wa kuziambia zianze upya. Vilevile, ikipendeza, nyuma yake upande wa juu kuna kitufe chekundu kidogo. Kikibonyezwa mpaka kikalia tik, mara nyingi mambo huwa mazuri.

Na ukipata wasaa, Mama, na ukipenda, kwenye mdomo wa mlango kuna kichujio cha wavu ambacho watu wengine huwa wanakichomoa na kukisafisha. Chini mbele kuna kifuniko pia, lakini hicho kina habari za kuinama, tukiache.

Kuhusu safari ya kwenda kwako, uamuzi wako ni uamuzi. Ningeomba tu, kama inawezekana, isiwezekane.

Nisalimie mama watoto. Mwambie ninakula.

Ni mimi mkweo


10 Novemba

Mkwe wangu,

Marahaba. Tunashukuru uko salama. Sisi wazima, mvua nayo nzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta umesema nifanye nini. Mwishowe nilimpa mwanangu akaisoma kwa sauti, akanambia, "Anasema chomoa plagi, Mama." Nikamuuliza, amesema wapi? Akanionyesha. Kumbe lilikuwepo katikati ya ukuta na bahati na mkono usio na shughuli.

Basi nikachomoa. Nikaiacha dakika kumi kwa saa ya ukutani. Nikaenda nyuma nikakitafuta hicho kitufe kwa kidole, nikabonyeza, kikalia tik. Nikarudisha plagi. Mkwe wangu, ikawaka! Pipa likazunguka kama halijawahi kugoma maishani. Nilimchukua Kimya nikacheza naye korido nzima chini ya kamba. Nepi kumi na nne zilitoka zikiwa na joto kama mikate, na Kelele tulipomfunga moja akanyamaza palepale, akatazama dari kwa mshangao. Mwanangu akasema ni mara ya kwanza kumsikia akiwa hasikiki. Nilikuombea heri nyingi siku ile. Nilianza hata barua ya kukusifu, na nilikuwa nimefika mstari wa nne.

Kesho yake mchana ikanyamaza tena. Taa nyekundu ileile. Nikafanya yote upya, plagi, dakika kumi, tik. Ikazunguka nusu saa ikazima. Tangu hapo ni hivyohivyo, nusu saa na kuzima, leo dakika kumi na tano tu. Barua ya sifa nimeichana.

Kichujio sijakigusa. Uliandika "ukipenda". Sikupenda, nina watoto wawili wa kuogesha na mmoja wao anaogopa maji. Tena uliandika kwamba "watu wengine" ndio wanaokichomoa, na mimi siyo watu wengine. Kifuniko cha chini ulisema tukiache, nimekiacha.

Sasa kama una jambo la kuniambia, niambie. Sina wa kunitafsiria kila siku.

Mama mkwe wako


12 Novemba

Kwako Mama mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo Mama. Barua hii ikukute na nguvu, na nguo angalau zikukute na nusu ya ukavu. Nilipofika pale ulipocheza na Kimya nilikunja barua nikaiweka mfukoni kwanza, nikafanya kazi nayo mchana mzima ndipo nikaendelea kusoma. Nilitaka nibaki hapo kidogo.

Kwa hali uliyonieleza, na wewe ndiye unayeijua zaidi kwa kuwa uko nayo, inaonekana hewa haipiti vizuri ndani ya mashine. Joto linakosa pa kutokea, mashine inaogopa, inajizima. Tik inaiamsha tu, haiiponyi. Kile kichujio ni jambo dogo ambalo pengine lingeweza kuwa kubwa, kama wewe ungeona kuna umuhimu.

Pia ningethubutu kuuliza, bila kuvuka mpaka wowote, siku ile ya kwanza ilipogoma, ndani ya pipa kulikuwa na nguo za namna gani? Nauliza kwa sababu kuna nguo nyingine zina vitu vinavyoweza kuingia mahali visikotakiwa. Usijibu kama si vizuri.

Au tusikusumbue kabisa. Mtaa wa nyuma yetu kuna fundi wa friji, tunafahamiana naye. Anaweza kuja kuiangalia.

Mpishi wa hapa ni mtu wa makamo na ana wakwe watatu. Amenisomea barua hii begani bila ruhusa. Anasema nimeiomba mashine msamaha mara nne na sijaiambia ipone. Nimemwambia hajui adabu za kwetu. Lakini amenitia mashaka, Mama, nakiri.

Tafadhali, habari za tarehe 26 zisibadilike.

Ni mimi mkweo


14 Novemba

Mkwe,

Marahaba. Tupo.

Tuanze na hilo la nguo. Mkwe hamuulizi mama mkwe nguo gani. Zilikuwa nguo fulani. Tumemaliza.

Fundi wako wa friji alikuja. Alilaza sikio juu ya mashine kama daktari, akaigonga huku, akaigonga kule, akanywa vikombe viwili vya chai, akasema imeishiwa gesi. Mashine ya kukaushia nguo, gesi! Nikamwambia asante, baba, mvua inapungua, wahi nyumbani. Haikuwa inapungua.

Jana mashine ilizunguka dakika sita. Leo haikuzunguka. Na asubuhi hii Kimya amepiga chafya mara tatu. Ni chafya tu, hana homa, usianze kutembea kwa miguu kuja huku. Lakini huyu ni mtoto asiyetoa sauti, akitoa sauti namsikiliza. Nimezungumza na dereva wa gari la kukodi. Jumamosi tarehe 21 asubuhi anatuchukua, nami nimeanza kufunga mizigo. Mwanangu analia na hasemi na mimi tangu chakula cha mchana. Nimemwacha alie.

Nikuambie la moyoni, maana karatasi bado ina nafasi. Sikuchukii. Hujawahi kunikosea hata mara moja, na hapo hasa ndipo pananichosha. Siku ulipokuja kumposa mwanangu nilikuuliza mbele ya watu, unamtaka au humtaki? Ukaangalia zulia, ukajibu, "Ikiwapendeza wazee." Nikasema moyoni, huyu nyumba yake ikishika moto ataandika barua ya kuuomba moto radhi. Miaka mitatu sasa nakusubiri useme jambo moja lililonyooka. Mwanangu anasema mkiwa wawili unasema sana na unachekesha. Mimi sijabahatika.

Barua yako ya kwanza ilijaa heshima, na ya pili pia. Nakushukuru. Lakini heshima haikaushi nepi.

Mama mkwe wako


17 Novemba

Mama,

Shikamoo. Lori linawashwa, mpishi amelizuia kwa mikono.

Usiondoke.

Fanya hivi leo, barua ikifika tu, hata kama chai iko mezani. Chomoa plagi. Fungua mlango wa mashine, shika kichujio, kivute juu kwa nguvu. Kikigoma vuta zaidi, hakivunjiki. Ingiza mkono kwenye tundu lake mpaka chini kabisa. Utakachokikuta humo kitoe, hata kiwe nini. Safisha kichujio kwa maji, kifute, kikauke.

Halafu piga magoti. Ndiyo Mama, piga magoti mbele ya mashine. Chini kushoto kuna kile kifuniko nilichosema tukiache. Tusikiache. Kifungue kwa ukingo wa sarafu. Ndani kuna vishikizo viwili, vigeuze. Vuta dude lililomo, lina mapezi membamba ya bati na ni refu kama mkono. Lipeleke bafuni ulimwagie maji mpaka yatoke safi. Lirudishe likiwa limechuruzika, funga vishikizo, funga kifuniko. Rudisha kichujio mpaka kikae chini sawa na ukingo. Kisipokaa sawa, kitoe uanze tena. Zunguka nyuma, bonyeza kitufe mpaka tik. Ngoja dakika kumi. Usiguse kitu. Washa.

Na uniambie zilikuwa nguo gani. Siulizi kama mkwe, nauliza kama fundi.

Namtaka mwanao. Nilimtaka siku ile, sikusema kwa sababu mate yalinikauka na wewe ulikuwa unaniangalia. Nawataka Kelele na Kimya. Ukiwapeleka kwako sitawaona mpaka mwezi wa tatu, na watakuwa wameshazoea sura nyingine zote isipokuwa yangu. Usiwapeleke. Kimya akipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiningoje mimi wala mashine. Asipopata, baki.

Mkweo


21 Novemba

Mama,

Shikamoo. Leo ni Jumamosi na sijui namwandikia nani, wewe au mlango uliofungwa. Kama mmekwisha kuondoka na barua hii imeokotwa na jirani, basi jirani naye nampa salamu, namwomba aiweke tu mahali pakavu kama papo.

Lori limekuja mara mbili tangu nikuandikie. Mara zote mbili nimelisubiri barabarani. Limeleta vitunguu, saruji na barua ya mtu mwingine.

Mpishi ameshaitangazia kambi nzima kwamba nimemwamrisha mama mkwe apige magoti. Watu wananipa pole. Msimamizi wetu, ambaye hajawahi kunisalimia vizuri, jana aliniwekea mkono begani akaniuliza kama bado nina mke. Nilimwambia sijui.

Nimejaribu mara nyingi kukuandikia samahani. Nikifika kwenye neno lenyewe kalamu inasimama, kwa sababu si kweli kwamba ninajuta yote. Magoti nayaomba radhi, hayo ni makosa, na sauti niliyotumia pia. Lakini kukuambia usiondoke, hilo siliombei radhi. Nimelisema na nalisema tena. Kama umeondoka, nitakuja hivyohivyo tarehe 26 niikute nyumba tupu, nifungue hiyo mashine mwenyewe nijue ilikuwa na nini. Nitakaa na kamba zenu za nguo siku sita. Sitaki, lakini ndivyo nitakavyofanya.

Kimya anaendeleaje? Jibu hilo tu, hata kama hutaki kujibu mengine.

Mkweo


22 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Tumo. Hatujaenda popote. Kimya hajambo, zile chafya zilikuwa tatu na hazikuongezeka, nafikiri ilikuwa ni vumbi la pasi. Kelele naye hajambo, unaweza ukamsikia ukitega sikio huko.

Barua yako ya tarehe 17 ilifika Alhamisi. Nikaisoma nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Nikamwita mwanangu: "Njoo usome mumeo amenifanya nini!" Akasoma, akaanza kucheka mpaka akashika mshono kwa mikono miwili, na mimi kwa hasira nilisahau kumkataza. Nilikasirika saa nzima. Nilikunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa. Nilisema maneno kuhusu wewe ambayo Kelele alinyamaza ili ayasikie.

Halafu nikachomoa plagi.

Kichujio kilitoka kwa shida. Nikaingiza mkono. Mwanangu, nilitoa humo manyoya ya nguo yaliyoshikana, makubwa kama paka aliyelala, ya kijivu. Nilimwonyesha mkeo akapiga yowe. Nikarudisha mkono nikatoa soksi moja ya mtoto. Nikarudisha mara ya tatu, vidole vikashika kamba. Nikavuta. Ikaja, ikaja, ikazidi kuja, na kabla haijaisha nilishajua ni nini.

Umeniuliza kama fundi, nami nakujibu kama mwenye nguo. Lilikuwa gagulo langu. Lile la maua ninalovaa ndani ya gauni, la kufunga kwa kamba kiunoni. Na sasa sikia lililo baya zaidi. Nilijua. Siku ile ya kwanza gagulo lilitoka kwenye pipa halina kamba. Nikaliangalia, nikaiangalia mashine, nikajiambia kamba imepotelea kwenye kufua. Nikalifunga kwa pini, nikakaa na siri yangu. Niliona afadhali mashine iwe mbovu kuliko mkwe wangu ajue kwamba nimeilisha gagulo. Ulipouliza ni nguo gani nikakugombeza, kwa sababu ulikuwa umenigusa hapohapo. Ningewasafirisha watoto wachanga siku mbili barabarani, na mama yao mwenye mshono, nikukoseshe na wewe kuwaona, yote hiyo kwa ajili ya kamba. Nimelia kidogo nilipoliwaza hilo. Nimemwambia mwanangu, naye amenisamehe, ila amecheka kwanza.

Kwa jinsi nilivyoelewa, kamba ndiyo iliyokizuia kichujio kisikae chini, manyoya yakapita pembeni yakashuka mpaka kwenye lile dude. Maana nilipiga magoti, ndiyo. Nilitandika taulo kwanza. Nikafungua kifuniko kwa sarafu, nikageuza vishikizo, nikalivuta. Mapezi yake yalikuwa yamezibwa kabisa kama yamefinyangiwa udongo. Nimelimwagia maji bafuni ndoo nne. Nilipomaliza, nikaona mwanga unapita upande wa pili, nikafurahi peke yangu mle bafuni kama mtoto. Kichujio kilikaa sawa na ukingo mara ya kwanza. Tik. Nikaleta kiti nikakaa mbele yake dakika kumi na mikono mapajani, sikugusa kitu, kama ulivyosema.

Ikawaka. Haijazima tangu hapo.

Utauliza kwa nini sikuandika siku hiyohiyo. Mara ya kwanza niliisifu mapema ikaniaibisha, safari hii nilitaka niione ikifanya kazi siku tatu. Sikufikiri kwamba wewe huko ungekuwa unasimama barabarani kusubiri lori. Hilo nimelijua leo, barua yako ya jana ilipofika, na limeniuma. Nisamehe, mwanangu. Jana asubuhi dereva alikuja akapiga honi, nikatoka na mwavuli nikamwambia arudi zake, hapa hakuna msafiri. Kamba za sebuleni nimezifungua zote. Sasa tunavuka kwenda chooni tukiwa wima.

Kuna jambo moja zaidi. Yule aliyeandika barua ya tarehe 17 ndiye niliyekuwa nikimtaka kwa binti yangu tangu mwanzo. Kumbe alikuwepo muda wote, amekaa kimya chini ya zulia. Usimrudishe huko. Shikamoo yako iache, hiyo naitaka. Lakini "ikipendeza" na "ukipata wasaa" sitaki kuziona tena kwenye barua yangu. Magoti nimeyasamehe, ingawa la kushoto bado linalalamika.

Njoo uwaone watoto wako.

Mama yako


24 Novemba

Mama,

Shikamoo Mama yangu.

Barua yako nimeisomea barabarani palepale lori liliposimama. Nilipofika kwenye neno "tumo" nilipiga kelele, mpishi akaacha sufuria akaja mbio, chakula cha watu arobaini kikaungua. Hakuna aliyelalamika. Msimamizi alikula kile cheusi akasema kina ladha.

Kuhusu gagulo, sehemu hiyo sikuisoma.

Hukunikosea. Ungeningojesha hata miezi sita, alimradi watoto wako salama, ningekasirika na ningekushukuru. Nalisema moja kwa moja, kama ulivyoagiza. Na lingine nalisema: umewalea wanangu wiki sita kwa mikono yako na pasi yako, na sijawahi kukuambia asante iliyosimama peke yake, bila kupambwa. Asante, Mama.

Naondoka kesho kutwa alfajiri na lori. Mchana nitakuwa mlangoni. Kelele asilazwe mchana huo, namtaka akiwa macho na sauti yake yote. Mwambie mama watoto nimepungua kidogo asishtuke, na ndevu nitanyoa.

Mwanao


26 Novemba, mchana
(karatasi imelazwa juu ya mashine ya kukaushia)

Mwanangu,

Karibu nyumbani. Natumaini barabara imekuhurumia. Mimi nimetoka.

Mke wako nimemwambia nakwenda kununua sabuni. Sabuni ipo, katoni nzima iko chini ya sinki. Tangu nifike sijatoka zaidi ya kuufikia mlango, na leo natembea tu na mwavuli wangu, nitaangalia madirisha ya watu na kusalimia nisiowajua. Chumbani kuna watu watatu wanakusubiri. Nikikaa katikati yenu utaanza tena kuangalia zulia.

Osha mikono mpaka kwenye viwiko. Usiwabebe ukiwa umesimama, kaa kwanza kitandani. Anza na Kimya, kwa sababu yeye hataomba. Shingo ishike kwa kiganja chote, siyo kwa vidole. Kelele akilia usishtuke, anakusalimia. Ukitaka kulia na wewe, lia, hakuna anayekuangalia zaidi ya mkeo, na yeye ameanza tangu asubuhi. Chakula kiko jikoni kimefunikwa. Msinibakizie.

Nitarudi jioni. Nitapiga hodi, na nitangoja nje mpaka mwenye nyumba aje anifungulie.

Mama